Siku ya Kufuatilia

Kila mwaka mvua zinapoisha na nyasi kukauka, sisi wanaume watano wa kanisa moja hapa Dodoma hukutana jioni chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa, tukapanga safari ya kuwinda. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, mmoja ni fundi magari, wawili ni wakulima wa zabibu, na wa tano ni mzee wa kanisa, ambaye bunduki imeandikishwa kwa jina lake. Hatuwindi kwa biashara. Tunakata leseni, tunakwenda siku chache, tunarudi na kitoweo tukipata, na nyama inagawanywa nyumba kwa nyumba.

Kikao chetu hakina mambo makubwa. Fundi anaeleza hali ya gari. Mwalimu anaandika kwenye daftari: mafuta, madumu ya maji, unga, chumvi, turubai, kamba, risasi, nakala ya leseni. Tunachanga fedha, tunaomba, tunaagana. Lakini katika kikao cha mwaka huu, orodha ilipokwisha kusomwa, mzee wa kanisa aliomba kalamu. Chini ya mstari uliosema "Siku ya pili: kuwinda" akaandika kwa mkono wake: "Siku ya tatu: kufuatilia." Akarudisha daftari. Hakuna aliyemwuliza maana yake, kwa sababu sote tuliijua.

Tumeombwa kuandika juu ya imani katika maisha ya kila siku, nasi tumeona tuandike juu ya mstari ule. Swali letu ni hili: je, mtu anaweza kutenda dhambi kwa kutojiandaa tu? Hakukusudia ubaya, hakuvunja amri anayoijua, ila alikwenda pasipo kufikiri yatakayofuata. Je, hiyo ni dhambi, au ni bahati mbaya?

Miaka miwili kabla ya kikao hicho tulikwenda upande wa Manyoni. Ukitoka Dodoma unapita Bahi na mashamba yake ya mpunga, unapita Kintinku, kisha unapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi juu. Huko mbele misitu ya miombo inakutana na vichaka vya Itigi, vichaka vilivyosongamana kiasi kwamba mtu akiingia hatua kumi humwoni tena. Kusini yake yako mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa. Leseni yetu haikuturuhusu kuingia humo. Ilitaja eneo la wazi, na wanyama wawili: swala pala mmoja na kongoni mmoja.

Tulikuwa tumepanga siku mbili. Siku ya kwanza asubuhi tulipata swala kwa risasi moja. Alianguka palepale. Tulishukuru, tukamwaga damu yake ardhini na kuifukia kwa mchanga, tukachinja na kuchuna. Jioni ile tulikula vizuri, tukaimba.

Siku ya pili tulizunguka tangu alfajiri pasipo kuona kongoni. Tulimwona saa kumi na moja jioni, amesimama kwenye uwanda mdogo wa nyasi, mbali kuliko umbali ambao mtu mwenye busara hupiga. Jua lilikuwa linashuka. Kesho yake tulipaswa kurudi, kwa kuwa gari lilikuwa la kukodi na mwenyewe alilitaka mjini kabla ya jioni, na mmoja wetu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Risasi ikapigwa. Hatutamtaja aliyeipiga, kwa sababu sote tulimhimiza, na kesho yake sote tulipanda gari.

Kongoni hakuanguka. Alipinda mgongo, akakimbia, akaingia vichakani. Tulikuta damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa. Mzee wa kijiji aliyekuwa akituongoza aliinama, akaitazama, akasema, "Huyu kaumia tumboni, wazee wangu. Leo hafi. Tukimfukuza sasa ataenda mbali. Tumwache alale, kesho tutamkuta."

Asubuhi tulifuata nyayo. Maji yalikuwa yamebaki nusu dumu kwa watu sita, maana tulikuwa tumepima maji ya siku mbili, na rejeta ya gari ilikunywa mengine. Ilipofika saa tatu alama za damu zilikuwa zimeingia kwenye kichaka kizito. Mwenyeji wetu akasema, "Hayuko mbali. Nipeni mpaka saa saba." Tulitazama saa. Tukatazama dumu. Kisha tukamwambia, "Mzee, sisi tunaondoka. Mungu akipenda utamwona, basi utujulishe." Tukafunga mizigo. Kabla ya gari kuondoka tuliomba Mungu atufikishe salama. Katika sala ile hatukumtaja kongoni.

Baada ya siku sita simu ililia. "Wazee, nimemwona kongoni wenu," alisema. Alimkuta kando ya korongo kavu, fisi wameshafika. Kwa kusoma alama alizoziona njiani, mahali alipolala na kuinuka na kulala tena, alikadiria kwamba aliishi siku mbili baada ya sisi kuondoka. Pembe alizipeleka kwa askari wa wanyamapori, kwa kuwa ni nyara za serikali na si za mtu kukaa nazo nyumbani. Hakutusema vibaya. Lakini neno lile "kongoni wenu" lilibaki nasi.

Tulijitetea kwa njia tatu. Tunazieleza hapa kwa sababu tunadhani si utetezi wa wawindaji peke yao.

Kwanza tulisema: ni bahati mbaya. Bunduki hukosea, hata mwenye shabaha hukosea. Hilo ni kweli. Lakini tulipokaa na kulitafakari tuliona kwamba risasi yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya jambo. Mwindaji yeyote anajua kwamba mnyama anaweza kujeruhiwa pasipo kufa. Kwa hiyo tulijua, kabla hatujatoka Dodoma, kwamba linaweza kutokea. Tulikuwa na daftari, tulikuwa na jioni nzima, na watu watano wenye akili timamu. Tuliandika chumvi ya kuhifadhia nyama ambayo hatukuwa nayo bado. Hatukuandika maji ya kumtafuta mnyama tutakayemwumiza. Tulijiandaa kwa faida, hatukujiandaa kwa deni. Hapo ndipo bahati mbaya inapokwisha na wajibu wetu unapoanza.

Pili tulisema: ni mnyama tu. Binadamu amepewa kutawala, na Mungu mwenyewe alimruhusu Nuhu na wanawe kula nyama. Hilo nalo ni kweli, liko katika sura ya tisa ya Mwanzo. Lakini tulipoisoma sura hiyo pamoja tuliona jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tumelipita miaka yote. Ruhusa ya kula nyama inatolewa pamoja na sharti la kutokula damu, kwa kuwa damu ni uhai. Kisha, mistari michache baadaye, Mungu anafanya agano. Halifanyi na Nuhu na uzao wake tu. Analifanya pia na ndege, na mifugo, na kila mnyama wa mwituni. Sura ileile inayotupa kitoweo ndiyo inayosema kwamba kitoweo chetu kina sehemu katika agano la Mungu. Anayekula pasipo kukumbuka hilo ameshika nusu ya sura.

Na si huko tu. Katika Mambo ya Walawi 17 mwindaji anaagizwa amwage damu ya mnyama aliyemkamata na kuifunika kwa mchanga, hata akiwa peke yake porini ambako hakuna kuhani anayemwona. Katika Kumbukumbu la Torati 22 mtu aliyekuta kiota anakatazwa kumchukua mama pamoja na makinda. Bwana wetu aliwataja shomoro, ndege wa bei ya chini kuliko wote sokoni, akasema hakuna hata mmoja aangukaye pasipo Baba kujua. Tumezoea kulisoma neno hilo kama faraja yetu, kwamba sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Ni faraja kweli. Lakini kama Baba anajua shomoro anapoanguka, basi alijua kongoni alipolala kando ya korongo lile, na alijua sisi wakati ule tulikuwa wapi. Wakati ule tulikuwa kwenye kikao cha harusi, tunajadili idadi ya viti.

Utetezi wa tatu ndio uliotusumbua zaidi, kwa sababu ulivaa nguo za imani. Tulimwambia mwenyeji wetu, "Mungu akipenda utamwona." Maneno hayo tunayasema mara ngapi kwa siku? Mtume Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, anawaonya wanaopanga safari na biashara kana kwamba kesho iko mikononi mwao, naye anawafundisha waseme kwamba Bwana akipenda wataishi na kufanya hili au lile. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa hivyo, na ni mafundisho mema. Lakini tazama sisi tuliyatumia wapi. Yakobo aliwapa neno hilo watu waliojiona wakubwa, ili wanyenyekee. Sisi tulilitumia ili tuondoke. Kazi tuliyopaswa kuifanya sisi tulimwachia Mungu, na kwa kweli hatukumwachia Mungu, tulimwachia mzee wa kijiji ambaye hakuwa na bunduki wala maji ya kutosha.

Kuna tofauti kati ya kumwachia Mungu yaliyo ya Mungu na kumtwika Mungu yaliyo yetu. Mvua ni yake. Upepo utakaogeuka na kupeleka harufu yetu kwa mnyama ni wake. Lakini idadi ya madumu ni yetu. Bwana Yesu, katika Luka 14, anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza na kuhesabu gharama asije akaishia kwenye msingi. Hatuoni kwamba Luka na Yakobo wanapingana. Anayeketi na kuhesabu gharama anakiri kwamba yeye si Mungu, kwamba mambo yanaweza kwenda kombo mikononi mwake, na kwamba wengine wataumia yakienda kombo. Anayesema "Mungu atajalia" pasipo kuhesabu anaweza kuonekana mnyenyekevu, kumbe anadhani dunia itajipanga yenyewe kumfuata.

Katika kutafakari hayo tulikumbuka watu waliowinda katika uwanda huu kabla yetu. Kaskazini ya Dodoma, katika vilima vya Kondoa, iko michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mmoja wetu aliwahi kuipeleka familia yake Kolo kuiona. Kwa rangi nyekundu wamechorwa watu wembamba warefu na wanyama wa pori. Wataalamu wengi huihusisha michoro ya zamani zaidi na wawindaji wa kale, ndugu wa mababu wa Wasandawe, ambao hata leo wanaishi upande wa Chemba na Kondoa na ambao sifa yao ya kuwinda kwa upinde inajulikana kwa kila Mgogo.

Sasa, anayewinda kwa upinde na mshale wenye sumu hamwangushi mnyama palepale. Mshale unaingia, mnyama anakimbia, na mwindaji anaketi kusubiri. Kisha anaanza kufuata nyayo, saa kwa saa, akisoma mchanga na majani yaliyovunjika. Kwake kupiga ni mwanzo wa kazi. Hawezi kupanga safari ya kuwinda pasipo kupanga kufuatilia, kwa maana asipofuatilia hali. Bunduki ndiyo iliyotudanganya sisi. Kwa kuwa mara nyingi mnyama huanguka na mlio wake, tumedhani kazi inaishia kwenye mlio. Chombo chenye nguvu zaidi kinahitaji kwa mwenye nacho uangalifu zaidi, nasi tulifikiri kinahitaji kidogo.

Mtu anaweza kusema: mbona haya yote yana sheria? Nchi yetu ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Inakataza kumkimbiza mnyama kwa gari, kummulika taa usiku, kutega nyaya, kutumia sumu, kuua mnyama mchanga au jike lenye mimba. Tunaiheshimu, na tunajua haikuja bure. Tunajua pia kwamba sheria za uwindaji zina historia chungu katika ardhi hii. Tangu amri ya Gavana von Wissmann ya mwaka 1896, na baadaye chini ya Waingereza, mara nyingi mgeni mwenye bunduki na cheti aliitwa mwindaji, na mwenyeji mwenye upinde akaitwa jangili, hata kama familia yake ilikuwa na njaa. Na njaa ya Ugogo si hadithi. Babu zetu walituambia habari za Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita vya Wazungu kuchukua ng'ombe na nafaka na mvua kukosekana. Mtu aliyepata digidigi mmoja wakati ule hakuwa anatafuta burudani.

Nchi ilipokaribia uhuru, mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza pale Arusha kwamba wanyama hawa ni dhamana tunayoitunza kwa ajili ya watoto wetu. Hapo neno lilibadilika kuwa letu. Dhamana si mali ya kutumia upendavyo, wala si kitu ulichokatazwa kukigusa. Ni kitu utakachoulizwa habari zake.

Lakini sheria, hata iliyo njema, haimalizi swali letu. Siku ile ya kongoni tulikuwa na leseni halali, mnyama halali, eneo halali, tena saa halali, kwa kuwa jua halikuwa limezama. Kama askari wa wanyamapori angetusimamisha njiani, angetazama karatasi zetu na kututakia safari njema. Tulirudi mjini tukiwa hatuna kosa la kujibu mbele ya mtu yeyote, na bado simu ilipolia hakuna aliyetaka kuipokea mara ya pili.

Mwalimu wetu mstaafu alifikia uamuzi wake mapema. Alituambia hatawinda tena. "Mbuzi wapo," alisema. "Yakobo alimpelekea baba yake mbuzi mahali pa mawindo, na mzee akala akashiba." Tulicheka, lakini alikuwa anasema kweli. Tulimjibu kwamba mbuzi naye anakufa, na kwamba nyama ya buchani imetoka kwa mnyama ambaye hatukumwona akiteswa barabarani juu ya lori. Kununua hakutuondolei damu, kunatuondolea kuiona tu. Naye akajibu, "Hayo ni kweli kwa mbuzi wa buchani. Mbuzi wangu ninamchinja mwenyewe, na hajawahi kunikimbia." Hatukupata jibu. Hatumhukumu, wala yeye hatuhukumu sisi. Bado anakuja chini ya mwarobaini kushika daftari, na tunadhani kikao chetu ni kizuri zaidi kwa kuwa na mtu mmoja ambaye hana hamu ya kwenda.

Sisi wanne tumeona kwamba kuacha ni njia mojawapo ya toba, ila si pekee. Zakayo hakuambiwa ahame Yeriko. Alitengeneza hesabu zake palepale alipozivurugia. Kwa hiyo tumetengeneza orodha yetu upya, na tunaieleza kwa sababu toba isiyofika kwenye daftari hubaki kuwa huzuni tu.

Kwanza ni siku ya tatu. Hiyo haina kazi nyingine. Kama hakuna mnyama aliyejeruhiwa, tutapumzika na kurudi taratibu. Kama yuko, tutamfuata mpaka tumpate au mpaka nyayo zipotee kabisa, na mwenyeji wetu ndiye atakayesema zimepotea, si saa ya mkononi. Maji yanapimwa kwa siku nne. Gari tunalikodi kwa siku nne, na fedha ya siku ya ziada inatoka kabla ya fedha ya risasi. Mwenye harusi, mwenye kikao, mwenye kesi mahakamani wiki hiyo, habebwi. Atakwenda mwaka mwingine.

Pili ni saa ya mwisho. Hatutapiga baada ya saa kumi jioni, ili pabaki mwanga wa kutafuta. Tena tumekubaliana umbali ambao hatutauvuka, na tumekubaliana tukiwa hapa mjini, tumeshiba, tumekaa kwenye viti. Hilo tumejifunza kwa Esau. Alirudi kutoka porini amechoka, ana njaa, na kwa bakuli la dengu akauza kitu ambacho asubuhi yake asingekiuza kwa kundi la ng'ombe. Biblia haimlaumu Esau kwa kuwinda. Inatuonyesha mtu aliyeacha uamuzi mkubwa mpaka saa ambayo tumbo ndilo linaloamua. Mwindaji aliyezunguka siku nzima, jua linazama mbele yake na mnyama amesimama, ni Esau. Ni afadhali maamuzi yake yawe yameshafanywa na mtu mwingine, naye mtu huyo ni yeye mwenyewe wa wiki iliyopita.

Tatu ni mgawo. Zamani tuligawa nyama baada ya kurudi, na kila mara waliokuwa karibu walipata zaidi. Sasa majina yanaandikwa kabla: nyumba za wajane wa kanisa letu, kisha mwenyeji wetu na jirani zake huko kijijini ambao wanaishi na wanyama hao mwaka mzima na kupoteza mtama wao kwa ngiri na nyani, kisha sisi. Mwenye kuandika majina ya wengine juu ya jina lake mapema hupunguza ile tamaa inayovuta kidole kwenye bunduki.

Nne ni mikono mitupu. Tumeandika wazi kwamba tunaweza kurudi bila kitu, na tumewaambia wake zetu na wajane wetu hivyo. Tulishangaa kuona jambo hili lilivyo gumu. Hakuna aliyewahi kututuma tusirudi bila nyama, ila kila mmoja wetu aliogopa kushuka kwenye gari tupu watoto wanatazama. Hofu hiyo ndogo ya aibu ilikuwamo katika risasi ile ya saa kumi na moja. Kama tungekuwa tumeruhusiwa kurudi bila kitu, pengine yule kongoni angegeuza kichwa na kwenda zake.

Ndugu msomaji, labda wewe huwindi wala hutawinda. Lakini unaoa au unaoza, unaanzisha mradi, unakopa, unamchukua mtoto wa ndugu umlee, unasimama mimbarani na kusema neno linaloingia ndani ya mtu. Yote hayo hupiga na kuacha alama. Tumeona katika makanisa yetu watu wakipanga harusi kwa miezi sita na hawakupanga ndoa kwa siku moja. Tumeona visima vikizinduliwa kwa ngoma, na mwaka unaofuata pampu imekufa kwa kukosa kipuri. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya, bali daftari lao liliishia kwenye siku ya pili.

Basi tunarudi kwenye swali letu. Je, kutojiandaa ni dhambi? Tunajibu kwa unyenyekevu, tukiwa watu walioshikwa nalo: pale ambapo ulijua mwingine anaweza kuumia kwa mkono wako, na ulikuwa na nafasi ya kumfikiria, nawe ukafikiria chumvi tu, hiyo ni dhambi. Ni ya kuungama kama nyingine. Sisi tuliiungama, ijapokuwa mwanzoni tuliona haya kutaja mnyama katika toba. Mchungaji wetu hakucheka. Aliuliza tu, "Na sasa mtafanyaje?" Orodha hii ndiyo jibu tulilompa.

Tunapoandika haya bado hatujaondoka. Madumu saba yamepangwa ukutani kwa fundi, na leseni iko ndani ya bahasha katika Biblia ya mzee wa kanisa. Mwenyeji wetu tumempigia simu. Tulidhani labda hatataka kwenda nasi tena. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Safari hii mna siku ngapi?" Tukamwambia, nne. "Haya," akasema, "Mungu akipenda, njooni."